Kitabu Kilichoshonwa na Fundi wa Viatu

Wageni wa Diani huacha vitu vya ajabu wanaporudi kwao. Mimi ni karani wa stoo katika hoteli moja ya ufuoni, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa mrithi wa watu nisiowajua: ndara za mguu mmoja, mafuta ya jua yaliyobaki robo chupa, miwani ya kuogelea, na vitabu. Kanuni yetu ni kwamba kitu kikikaa miezi mitatu bila kuulizwa, ni cha aliyekiokota. Vitabu haviulizwi. Mgeni atapiga simu kutoka Ujerumani kutafuta waya wa kuchajia, lakini riwaya aliyoifikisha nusu haimkoseshi usingizi.

Ndivyo nilivyopata How to Be Both ya Ali Smith, mwandishi Mskoti. Ilitoka mwaka 2014, na jalada lake lilikuwa limejaa sifa na tuzo kama kifua cha mkuu wa majeshi siku ya Jamhuri. Mimi niliichukua kwa sababu haikuwa na mchanga ndani, jambo ambalo kwa vitabu vya Diani ni tuzo tosha.

Ukurasa wa kwanza haukunikaribisha. Maneno yalikuwa yamepangwa mistari mifupimifupi, imepinda huku na huku kama mgema anayeteremka mnazi baada ya kuonja tembo lake mwenyewe. Nikadhani mashine ilikwama. Nikavumilia, na kumbe anayezungumza ni mchoraji aliyekufa miaka mia tano na ushei iliyopita, ameibuka kutoka ardhini asijue kaibukia wapi.

Mchoraji mwenyewe aliishi kweli. Francesco del Cossa alichora sehemu ya kuta za jumba la Schifanoia katika mji wa Ferrara, Italia. Kilichonifanya nimpende ni barua yake. Machi 1470 alimwandikia mtawala wa Ferrara, Borso d'Este, akilalamika kwamba analipwa sawasawa na wachoraji wa hovyo. Mtawala hakumwongeza hata senti, naye akafunga virago akahamia Bologna. Nikasema moyoni, huyu ni fundi wa hapa kwetu Ukunda kabisa. Ila fundi wa Ukunda angeondoka na mifuko miwili ya simiti.

Sasa nina shemeji, mke wa kaka yangu, mwalimu wa sekondari huko Msambweni. Yeye hushinda akisoma, na sisi wengine tunashinda tukimwogopa. Nilipomtajia kitabu changu kwenye simu alipiga ukelele: "Shemeji, hata mimi ninacho! Nimekipata Mombasa kwa wale wauza vitabu vikuukuu wa barabarani." Tukaafikiana kwamba kila Alhamisi baada ya Isha tupigiane simu, kila mmoja aseme amefika wapi.

Alhamisi ya kwanza mazungumzo yalinoga.

"Umemwonaje msichana wetu?" akaniuliza.

"Ananitia huruma. Kufiwa na mama mapema vile!"

"Na lile jina la kiume?"

"Limemfaa, shemeji. Bila hilo angekuwa nani?"

"Umesema kweli kabisa. Wewe si wa kukaa stoo."

Nililala nimevimba kichwa. Mchoraji wangu, katika riwaya, ni binti. Mama yake alipofariki, baba yake alimvisha nguo za kiume na akapewa jina la kiume ili apate kujifunza kazi. Habari hizi zote ziliafikiana na alizonazo shemeji, na wiki ya pili tukaafikiana tena: anavyomkumbuka mama yake, anavyobishana na baba, anavyompenda rafiki yake. Tuliafikiana mno. Watu wawili waliosoma kitabu kimoja hawaafikiani hivyo, nami ningeshtuka mapema kama ningekuwa na akili.

Kiswahili ndicho kilichotuchongea. Ali Smith ametoka jasho jingi kuchezea lugha yake, ambayo haikuachi useme neno juu ya mtu kabla ya kutangaza kama ni mume au mke. Sisi hatuna shida hiyo. Yeye ni yeye: mwanamume, mwanamke, jini, hata mkuu wa wilaya. Kwa wiki mbili mimi na shemeji tulikuwa tukisema "alifanya", "aliona", "alilia", kila mmoja akiwa na mtu wake kichwani, na a- moja ikitutosha sote wawili.

Alhamisi ya tatu mambo yakaharibika.

"Pale anapoitazama ile video tena na tena," shemeji akasema, "mimi nilishindwa kuendelea."

"Video gani?"

"Si ile ya kwenye tableti."

"Shemeji. Mwaka 1470?"

Kimya. Nikasikia kuku wa Msambweni.

"Wewe unasoma kitabu gani?" akauliza, kwa ile sauti ya kumwita mwanafunzi mbele.

"Hiki hiki."

"Nisomee jalada."

Nikamsomea. Jalada lilikuwa lile lile, mwandishi yule yule. Akaniuliza ukurasa wa kwanza una nani, nikamwambia una maiti mchoraji. Yeye wake ulikuwa na mtoto wa kike anayeitwa George, yuko ndani ya gari na mama yake, na mama anampa fumbo la kufikiria. Mchoraji hajamwona isipokuwa kwa kutajwatajwa.

"Basi umeruka mwanzo," akaamua. "Nyinyi watu wa hoteli mmezoea kuingilia mlango wa jikoni."

Mimi nikasema ameuziwa kitabu kilichochanganywa kiwandani, ndiyo maana kilikuwa barabarani. Hilo lilimuuma. Tukawekeana dau la kilo mbili za pweza, na Jumapili niende Msambweni na ushahidi wangu mkononi.

Hapo ndipo tumbili alipoingia kwenye fasihi.

Kwa asiyeijua Diani nieleze. Huku kuna mbega, yule mweusi mwenye mashavu na mabega meupe, ambaye watu wa uhifadhi wamemtundikia ngazi za kamba juu ya barabara ya ufuoni ili avuke bila kugongwa na magari. Mbega ni mstaarabu. Anakula majani yake, hana haja na sukari yako wala riwaya yako. Tumbili ni habari nyingine. Tumbili wa Diani anajua saa ya chai kuliko mpishi. Ijumaa ile nilikuwa kwenye kantini ya wafanyakazi, kitabu mkono wa kushoto, sahani ya mahamri na mbaazi mkono wa kulia, nimefika sehemu tamu mchoraji akiwa juu ya ukuta anachanganya rangi. Sikumwona akija. Nilichoona ni hamri linaondoka, na kitabu kinalifuata.

Alipanda nacho juu ya makuti. Akala hamri kwanza, bila haraka. Kisha akakifungua kitabu, na lazima niseme ukweli, alikifungua katikati. Akakinusa upande huu, akakinusa upande ule, kisha akashika kila upande kwa mkono wake akavuta. Vikaanguka vipande viwili kwenye sufuria tupu za mpishi. Alichobaki nacho ni kialamisho changu, yaani karatasi yangu ya mshahara wa mwezi ule. Aliitazama kwa muda, akaidondosha. Borso d'Este hakumtendea Francesco hivyo.

Jioni nilipeleka vipande kwa fundi wa viatu pale Ukunda, karibu na steji, chini ya mwarobaini. Fundi huyu hushona viatu, mikoba, miamvuli na mipira ya watoto. Nikamwuliza kama anaweza kushona kitabu, akaniuliza kama kina ngozi. Nikamwambia hakina. "Basi ni kazi nyepesi," akasema. Akapitisha sindano nene na uzi wa nailoni, akapaka gundi ya soli, akaweka jiwe juu. Akanionya: usikifungue mpaka Jumapili, gundi ishike. Nami ni mtu wa kufuata maagizo.

Matatu ya Msambweni ilijaa, na kadiri jua lilivyopanda kitabu kilinuka gundi. Tulipopita Mwabungo mama mmoja aliniuliza kama nimebeba viatu vipya. Tulipofika Gazi kondakta alifungua madirisha yote. Nilikuwa nimekipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Shemeji alikuwa amejitayarisha. Nakala yake ilikuwa imevikwa karatasi ya nailoni kama vitabu vya shule, na alikuwa amemkalisha bintiye wa kidato cha tatu awe shahidi. Kaka yangu, ambaye ni mvuvi, alikuwa barazani akitia viraka wavu wake na hakuinua kichwa. Amezoea.

"Haya, fungua," shemeji akasema.

Nikafungua kwa mbwembwe. Gundi ikapiga kelele. Nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti kubwa, na katikati ya mstari sauti ikaniishia. Mtoto. Mama. Gari.

Nikakifunga. Nikakifungua tena. Mtoto, mama, gari.

Shemeji alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia kuuliza ni posa ya nani. Mimi niliapa. Niliapa kwa Mungu, kwa mama yetu, na kwa mchoraji mwenyewe. Nilisema tumbili. Nilisema fundi wa viatu. Kila nilipoongeza maelezo kesi yangu ilizidi kuoza, kwa sababu hakuna hakimu chini ya jua anayeamini utetezi wenye tumbili na fundi wa viatu kwa pamoja.

Aliyeniokoa ni mtoto. Alikichukua kitabu changu, akaziba pua, akakitazama pembeni kwa chini.

"Ami, mbona chako kinaanzia ukurasa wa mia na themanini na kitu?"

Tukainama sote. Kweli. Na pale katikati, penye kovu la nailoni nyeusi, namba zilirudi mwanzo kabisa, na mchoraji wangu alikuwa pale akiibuka kutoka ardhini. Cha shemeji kilikuwa kinyume, namba zikiwa zimenyooka tangu mtoto hadi mchoraji. Na sehemu zote mbili, katika vitabu vyote viwili, zilikuwa na kichwa kimoja: moja. Hakuna mbili popote. Moja ilikuwa na picha ya kamera ya ulinzi, moja nyingine picha ya macho mawili yaliyochipua kwenye kikonyo kama ua. Macho hayo Francesco alimchorea Mtakatifu Lusia.

Binti akaingia kwenye simu, na kabla maji ya chai hayajachemka akatusomea hukumu. Kitabu kilichapwa makusudi namna mbili. Nusu ya nakala zinaanza na mtoto, nusu zinaanza na mchoraji, na mnunuzi hachagui, anachukua iliyomwangukia. Mimi na shemeji tulikuwa tumesema kweli wiki zote zile. Sijui kama mmewahi kuona watu wawili waliosema kweli wakatazamana kwa aibu vile.

Ikabidi tuonyeshe kwamba tumesoma. Shemeji akapendekeza tubadilishane nakala, ili kila mmoja asome kwa mpangilio wa mwenzake. Nikakubali, lakini nikataka hakikisho kwamba nakala yangu haitaachwa juani kwa sababu ya gundi. Yeye akataka nami nisimpelekee yake karibu na tumbili. Tukaanza kupanga nani ataleta lini, nauli nani atalipa, kama tukutane Gazi njia ya kati. Kaka akakata uzi kwa meno.

"Kwani hamwezi kufungua katikati?"

Hatukumjibu. Akaendelea na wavu wake, kisha akatoa neno lake la pili na la mwisho siku ile: "Feri ya Likoni inageuka?"

Haigeuki, bila shaka. Kila mtu wa pwani ya kusini anajua hilo bila kulifikiria. Iwe ni MV Kwale au nyingine, ina mlango huku na mlango huku. Uliokuwa mkia ukitoka Likoni ndio kichwa ukitoka kisiwani, na hujasikia abiria akilalamika kwamba amepandishwa kinyumenyume. Tumevuka hivyo maisha yetu yote, halafu tukaletewa riwaya yenye milango miwili tukapigania pweza.

Pweza wenyewe tuliwala. Kaka ndiye aliyewavua, na alitutoza sote wawili.

Penye chakula shemeji alirudi kuwa mwalimu. Akatuambia habari za Mwingereza B. S. Johnson, aliyetoa riwaya mwaka 1969 ndani ya sanduku: vipande 27 visivyoshonwa, cha kwanza na cha mwisho vimetiwa alama, vingine vyote unachanganya kama karata. Nikafikiria kitabu hicho Diani mwezi wa Julai, kusi likivuma. Vipande vinane ungeviokota Tiwi. Akatuambia pia juu ya Julio Cortázar wa Argentina, ambaye Rayuela yake ya mwaka 1963 ina sura 155, na ukipenda waweza kuanzia sura ya 73, kisha ukarudi ya 1. Binti akauliza kama huyo alikuwa dereva wa tuktuk.

"Msicheke," shemeji akasema. "Na sisi tuna wetu. Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na anayeingia humo akitafuta njia iliyonyooka atalala nje."

Hapo nikakosea nikaungama. Kabla hoteli hazijaniteka nilisomea ualimu, na chuoni Nagona ilikuwa imeazimwa na mtu wa aina ile asiyerudisha. Nikaanza na Mzingile. Niliposoma Nagona muhula uliofuata nilidhani ndiyo mwendelezo, nikaandika insha ndefu kuonyesha jinsi mwandishi alivyokomaa kutoka kitabu cha kwanza hadi cha pili. Nilipita vizuri. Mhadhiri hakunishtukia, nami sikujishtukia. Shemeji alisema hilo si la kujisifu mbele ya mtoto, akamhamishia binti sahani chumba cha pili.

Nilirudi Ukunda na kitabu changu chenye kovu, nikakimaliza. Nilimsoma mtoto, kisha nikarudi nikamsoma mchoraji upya, safari hii nikijua msichana anayemtazama ni nani. Na hapo niligundua jambo linaloudhi. Ni kweli unaweza kuanzia upande wowote, lakini huwezi kuanzia pande zote mbili. Aliyemkuta mchoraji kwanza, kama mimi, anamwona yule mtoto kwa macho ya mzuka: mvulana, anadhani, mpaka baadaye. Aliyemkuta mtoto kwanza anajua tayari, na mzuka akikosea anamcheka. Mimi sikumcheka. Nilikosea pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa, na kukosea kule nisingekubali kuuza kwa kilo mbili za pweza. Shemeji anasema moyo wake ulimlilia mtoto yule tangu ukurasa wa kwanza, na kwamba mtu akianza na mchoraji, kifo cha mama kinamfikia kimepoa. Hadi leo hatujapatana, na sasa hivi angalau tunajua tunabishania nini.

Fundi mmoja wa lipu hapa kwetu aliniweka sawa bila kujua. Nilikuwa nikimweleza jinsi wachoraji wa Ferrara walivyopaka rangi kwenye chokaa mbichi, kabla haijakauka, na kwamba mara nyingi chini yake kuna mchoro wa kwanza uliofunikwa. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao. "Anayejenga anaanza na cha chini," akasema, "anayepanga nyumba anaanza na cha juu. Mimi nikitazama ukuta naona matofali. Wewe unaona rangi." Kisha akaniomba malipo ya awali.

Lililobaki ni fundi wa viatu. Nilimwendea na kitabu mkononi na hasira kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeaibishwa mbele ya mtoto. Nikamwonyesha namba. Nikamwambia ameshona mkia mahali pa kichwa. Alikichukua, akakigeuza, akabonyeza mshono wake kwa kidole gumba kuona kama umelegea. Haukulegea.

"Bwana, mimi sikushona kwa kubahatisha," akasema. "Nilitafuta penye moja nikaweke mbele. Nikakuta moja mbili. Sasa niambie wewe uliyesoma: mwanzo wake ni upi?"

Nikasita.

"Ni upi?"

"Wowote," nikasema.

Akanirudishia kitabu. "Basi nilikushonea sawa," akasema, akachukua kiatu cha mtu mwingine, na bila kuinua macho akanikumbusha kwamba ile gundi sikuwa nimeilipia.